Ncha ya Pili ya Kamba

Habari ya kifo chake niliipata asubuhi ya Ijumaa, nikiwa bado juu ya msala, uradi sijaumaliza. Aliyepiga simu ni binti yake mkubwa. Alinisalimu kwa utaratibu, akaniuliza hali yangu na hali ya mume wangu, akaulizia hata goti la mzee wangu, nami nikajua, maana mtu hakupigii simu saa zile kuulizia goti. "Mama ametutoka," akasema. "Alilala tu, hakuamka." Nikasema sisi ni wa Mwenyezi Mungu na kwake ndiko marejeo, kisha nikabaki pale pale mpaka jua likaingia dirishani. Marehemu alikuwa jirani yetu Mikindani tangu mimi ni msichana mdogo wa chuo cha Kurani na yeye ni bibi arusi mgeni kutoka Rabai. Yeye Mkristo, sisi Waislamu, na kati yetu ua wa makuti wenye mwanya ambao hakuna aliyewahi kuuziba. Wasomaji wangu wa siku nyingi wanajua kwamba ukurasa huu si wa kutangazia misiba. Leo naomba mnivumilie, kwa kuwa mwanamke huyu ana haki juu yangu, na haki hiyo haikuanza na mimi. Ilianza na babu na nyanya yangu.

Nyumba ya babu ilikuwa upande wa chini wa barabara ya Nairobi, pale ardhi inapoanza kuinamia mikoko. Nazungumzia ile miaka ya hamsini ikielekea ukingoni, wakati Mikindani ilikuwa minazi na nyumba za kuhesabika. Babu na nyanya walikuwa watu wa kamba. Makumbi ya nazi yalikusanywa, yakafukiwa kwenye matope ya ufuoni na kukandamizwa kwa mawe, yakaachwa huko miezi, maji yakija na kutoka, mpaka yakalainika. Kisha nyanya akienda kuyafukua na kuyapiga kwa gongo juu ya gogo, pu, pu, pu, mpaka ukabaki usumba mtupu, zile nyuzi za rangi ya kahawia. Harufu yake siwezi kuisifu. Mtu wa mjini angeziba pua akakimbia. Lakini majuzi nilipita mahali penye mtaro uliotuama, harufu ikafanana kidogo na ile, nikajikuta nimesimama njiani kama mtu aliyeitwa kwa jina lake.

Usumba ukishakauka, nyanya aliusokota juu ya paja ukawa nyuzi nyembamba. Hiyo ni kazi ya mtu mmoja. Kamba yenyewe, ya kuwambia kitanda au ya kutekea maji kisimani, haitoki mkononi mwa mtu mmoja. Nyanya alikaa kwenye kibao mwanzo wa ua, ameshika ncha moja na kijiti cha kuzungushia. Babu alishika ncha ya pili akarudi kinyumenyume, taratibu, kamba ikinyooka mpaka ikaujaza ua mzima. Arudiye kinyumenyume haoni aendako, kwa hiyo nyanya ndiye aliyekuwa macho yake: "Njoo kulia kidogo. Kuna kuku. Simama, mtoto kaacha ndoo." Na babu, kwa kuwa alimwelekea nyanya, ndiye aliyeona yaliyokuwa nyuma ya nyanya: mgeni anayepiga hodi, mbuzi anayenyemelea mtama ulioanikwa, moshi wa chungu kinachoungua. Kila mmoja alimchungia mwenzake kisogo, na muda wote huo midomo haikupumzika.

"Bibi we, upande wako kamba imelala."

"Imelala? Iamshe basi, wewe mwenye nguvu."

"Nikiivuta utaanguka hapo kibaoni."

"Nikianguka utaniinua. Kwani uliniolea nini?"

Nami nilikuwa katikati yao, kazi yangu ni kupitisha kiganja juu ya kamba na kung'oa nyuzi zilizochomoza. Kwa desturi ya kwetu mjukuu na babu ni watani, basi mimi nilikuwa mke wa babu, na nyanya hakuniita kwa jina langu bali "mke mwenzangu". Akitaka maji: "Mke mwenzangu!" Nami: "Abee!" Akitaka kunikaripia: "Mke mwenzangu, mumeo hajanywa uji na wewe umekaa tu." Nilikuwa na umri wa kuanza kuhifadhi sura fupi, na nyingine nilizihifadhi pale pale uani, nikizisoma kwa sauti huku mikono ikienda na kamba, babu akinisahihisha kutoka mbali bila kugeuza shingo. Mpaka leo nikisoma baadhi ya sura hizo katika sala, viganja vyangu huwasha.

Mambo yalibadilika siku nyanya alipoteleza matopeni akifukia makumbi. Aliumia nyonga. Shangazi yangu, binti yao, aliyeolewa Timbwani, huko Likoni, alivuka na feri siku ile ile kuja kumuuguza, na alipoona hakuna nafasi ya kumtunza vizuri akamchukua kwake. Hilo hakuna aliyeliona baya. Baya lilikuja baadaye, nalo lilikuja kwa mlango wa wema. Nyanya alipona, akaanza kutembea, akauliza lini atarudishwa. Shangazi akasema, "Ukirudi utarudi matopeni." Babangu akamuunga mkono. Wakati huo babangu alikuwa amepata kazi ya ukarani bandarini, na wenzake kila jioni walizungumza habari ya Uhuru, kama Mwambao huu utakuwa wa nani na nani atakalia kiti gani. Kila mtu alikuwa akijitengeneza upya. Kwa babangu ilikuwa aibu kwamba watu waonapo mikono ya mamake wanaiona nyeusi kwa matope. Alikwisha kusikia maneno barazani: "Mtoto karani, mama anapiga makumbi." Kwetu sisi mtoto mwema ni yule anayewaketisha wazazi wake. Basi wakaamua wawaketishe: mama Timbwani kwa binti, baba Mikindani kwa mwana, kila mmoja ale, anywe, aswali, apumzike. Hawakujua kwamba wanakata kamba katikati. Walidhani wanawatua mizigo.

Nilipelekwa kumwona nyanya mara moja tu, kwa basi mpaka ng'ambo ya Makupa, kisha mjini, kisha feri. Nilimkuta kitandani mchana, amevaa kanga mpya, kucha safi. Sikuwahi kuziona kucha zake safi namna ile, na zilinitia hofu. Alipokuwa akiniaga alinishika sikio akanivuta karibu. "Mke mwenzangu," akasema, "nimekuachia mume wetu. Usimwache akae."

Lakini ningemzuiaje mtu mzima asikae? Mwanzoni babu alijaribu mwenyewe. Alifunga ncha ya nyanya kwenye nguzo ya ua, akarudi kinyumenyume kama kawaida yake. Nguzo haisemi. Mimi nilikuwa chuoni, mamangu jikoni, na nyuma ya babu kulikuwa na kinu. Akaanguka juu yake, akaumia goti, na jioni ile babangu akaukusanya usumba wote, akautia gunia, akaufungia stoo. "Sasa pumzika, baba. Nakusihi." Babu akapumzika. Alikaa barazani tangu asubuhi mpaka adhuhuri, na tangu adhuhuri mpaka alasiri. Mkongojo ukaja. Sauti yake ikapungua, akawa hanisahihishi tena nikikosea aya, na hilo ndilo lililonitisha kuliko mkongojo. Kitu alichoniuliza kila nirudipo chuoni kilikuwa kimoja: "Leo maji ya feri yakoje?" Mimi sikujua maji ya feri yakoje, nilikuwa Mikindani kama yeye. Nilimjibu yametulia, naye akasema, "Alhamdulillahi," kama aliyepewa salamu.

Hapo ndipo anapoingia marehemu. Alikuwa na mimba yake ya kwanza, na mumewe, kibarua wa bandarini, alikuwa amemletea kitanda kutoka kwa seremala, miguu na mbao za ubavuni tu, hakijawambwa. Jioni moja alipita kwenye mwanya wa ua, akapiga magoti mbele ya babangu kwa adabu ya kwao, babu akiwa pale pale barazani.

"Baba, nina shida ya kitanda."

"Kitanda si jambo. Nitakuitia fundi kesho."

"Fundi hafai, baba. Kwetu mwanamke halazwi uzazi wa kwanza kwenye kitanda kilichowambwa na fundi. Huwambwa na mume na mke waliozeeka pamoja, huyu upande huu, huyu upande huu. Na kamba lazima waisokote wenyewe, mpya."

Babangu akacheka kidogo. "Si watafutwe wazee huko kwenu?"

"Wangu wamekufa. Na mama mkwe kasema nikikosa hapa, ananirudisha Rabai nikazalie huko, na mume wangu abaki peke yake. Mimi hapa wazee niwajuao ni tsawe huyu na hawe." Hivyo ndivyo alivyowaita, tsawe na hawe, kama waitwavyo babu na bibi kwao.

"Lakini hawako pamoja," akasema babangu.

"Ndiyo nimekuja kwako, baba."

Babangu alikuwa mtu wa dini, na jirani kwetu ana haki nzito, awe wa imani yoyote, na jirani mwenye mimba ana haki juu ya haki. Akamtazama babu. Babu alikuwa anatazama barabarani, lakini mkongojo wake ulikuwa umesimama wima, ameushika kwa mikono miwili. "Kitanda kimoja tu," akasema babangu mwishowe.

Nyanya akaja. Shangazi alimleta mwenyewe, na kikapu cha nguo chache, maana ni ziara ya kitanda kimoja. Nyanya hakumsalimu babu kwanza. Alisimama mbele yake, akautazama mkongojo, akanigeukia mimi. "Nani alimkalisha mume wetu?" Babu akasema, "Walinikalisha wanao. Umechelewa." Nyanya akasema, "Feri." Hayo ndiyo maamkizi yao baada ya miezi yote ile. Kisha akauliza kama makumbi aliyoyafukia siku aliyoteleza yapo bado matopeni, na kumbe yapo, hakuna aliyeyagusa, yamelainika sawasawa. Safari hii hakwenda kuyafukua yeye. Alisimama pakavu akaelekeza kwa kidole, na jirani yetu mwenye mimba akaajiri vijana wa mtaani wakayafukua. Lakini kuyapiga alitaka kuyapiga mwenyewe, na nilipoisikia pu, pu, pu kutoka chuoni, mwalimu alinichapa ufito wa mgongo kwa kuacha kusoma, na mimi nikacheka.

Kazi ilichukua majuma. Mwanzo babu alirudi kinyumenyume kwa kuburuta goti, nyanya akimwongoza hatua kwa hatua, "Taratibu, kinu hicho, kinu kilekile chako." Baadaye akauweka mkongojo pembeni, kisha akausahau. Walipofika kwenye kuwamba, walikaa huku na huku ya kitanda, huyu anapitisha, huyu anakaza, nyayo wamezitia kwenye mbao. Siku kilipokamilika kiligongwa kwa kiganja kikalia kama ngoma, na jirani yetu akakilalia mbele yetu sote, akafumba macho, akafumbua, akasema, "Kizuri. Sasa kimebaki cha mtoto."

Shangazi alikuwa amekuja na kikapu chake kumchukua nyanya. "Mtoto gani anayelalia kitanda cha kuwamba?" akauliza.

"Kwetu," akasema jirani yetu, "mtoto naye ana chake."

Shangazi akamgeukia babangu amsaidie. Babangu alikuwa anamtazama babake, aliyekuwa tayari amesimama, ameshika ncha. "Mwache mama," akasema.

"Na watu watasema nini?"

"Watasema wazee wetu wana kazi."

Kikapu kikarudi Timbwani kitupu. Babu na nyanya waliishi pamoja mpaka bendera mpya ikapandishwa, na vijana walipokuja kuomba kamba za kufungia makuti ya mapambo njiani, walipewa na onyo la kuzirudisha, na hazikurudi. Babu alitangulia mwaka uliofuata. Kitanda cha kuoshea maiti kilikuwa msibani kwingine siku hiyo, na kabla wanaume hawajajua la kufanya, jirani yetu alitokea kwenye mwanya wa ua amejitwika kitanda chake kichwani. "Hiki alikiwamba mwenyewe," akasema. Babu akaoshewa juu ya kamba aliyoirudia kinyumenyume, na mimi, niliyekuwa nimekwisha kuwa mkubwa kidogo, niliachiwa kamba ile baadaye niisuuze.

Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nimeolewa na nina watoto, nilimuuliza. Tulikuwa tunapeta mchele kwake. "Ile mila yenu ya kitanda, mbona sijaisikia kwa Mrabai mwingine yeyote?" Hakuinua macho kwenye ungo. "Hutaisikia. Haipo." Nikamwambia, "Basi ulimdanganya babangu." Akasema, "Siku ile, ndiyo. Lakini binti zangu wote nimewawambishia vitanda hivyo hivyo, kwa wazee wawili. Sasa ipo." Walimu wangu walinifundisha kwamba anayetengeneza baina ya watu hahesabiwi pamoja na waongo, na mimi nimewafundisha hivyo wanafunzi wangu nikimwona yeye machoni.

Siku hizi hakuna afukiaye makumbi Mikindani. Palipokuwa na ua wetu pamesimama nyumba za kupanga, na kamba ni za plastiki, za rangi. Silalamiki. Magodoro ni mazuri kwa mgongo wangu. Ninachokitamani si kamba. Natamani kusikia mtu akimwambia mwenzake, "Kulia kidogo, kuna kuku." Watoto wetu ni wema kuliko sisi, Mungu awajaze. Wangu wametuwekea mfanyakazi, wametununulia mashine ya kufua, na mume wangu, aliyeshona nguo maisha yake yote, wamemwekea kiti kikubwa mbele ya runinga kwa ajili ya goti lake. Marehemu alikuja kututembelea kabla ya mfungo uliopita. Alimtazama mzee wangu kitini, akaniulizia goti lake, akanywa chai yake, akaaga.

Matangani nilikaa na wanawake, tukaimbiwa nyimbo zao za kanisani, nami nikamwombea kimoyomoyo kwa ninayoyajua. Kilikuwapo kitanda kile, mbao zile zile, kimewambwa upya kwa kamba za kijani. Mjukuu wa marehemu, msichana anayefanya kazi benki, mja mzito, alikuja kukaa kando yangu juu yake. "Nyanya," akaniambia kwa sauti ya chini, "nyanya yetu aliniambia siku zangu zikikaribia nije kwako. Kwetu, tangu enzi za mababu, uzazi wa kwanza kitanda huwambwa na mume na mke waliozeeka pamoja." Nikamwacha amalize. Nikamuuliza, "Na lazima wawe wawili?" Akasema, "Lazima. Alisisitiza. Alisema hata kama babu goti linamuuma."

Nilirudi nyumbani jioni, nikamkuta mzee wangu kitini. Nikamwambia tumeletewa kazi.

"Kazi gani? Watoto watatugombeza."

"Kitanda cha kuwamba."

"Na goti hili?"

"Huwambwa kwa kukaa. Mikono nayo inakuuma?"

Akafikiri. "Hiyo ni mila ya nani?"

"Ya kwetu," nikasema.

Akaitazama runinga kidogo, kama anayeiaga. "Nitafutie kibao," akasema. Kisha akasema, "La, acha. Nitakitafuta mwenyewe," akaanza kuinuka, nami nikasimama nyuma yake nikimwambia palipo na meza.

Basi ninyi mnaonisoma mkiwa bado na wazazi wawili, msidhani mmewaheshimu mkishawaondolea kila kitu mikononi na kuwaketisha mbalimbali. Waachieni kamba, ingawa ni fupi, ingawa haina soko, mradi kila mmoja ashike upande wake. Na yule ambaye mzazi wake mmoja amekwisha kutangulia, asiifunge ncha ile nguzoni. Aishike yeye.